Mgonjwa wa Saratani: Mizani Pekee Haitoshi

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya njaa. Sina maana ya njaa ya ukame, wala ile ya kukosa unga ndani ya nyumba. Nasemea njaa inayomkuta mtu aliyelala kitandani, chakula kipo kando yake, ndugu wamemzunguka, daktari anapita kila asubuhi, na bado mwili unakwisha. Ni njaa ya mgonjwa wa saratani, au kansa kama wengi wetu tulivyozoea kuiita.

Nimeichagua habari hii kwa sababu ya barua. Imetoka kwa msikilizaji wa upande wa Njombe, na jina lake nalihifadhi. Baba yake mzazi ana urefu wa mita 1.70. Alikuwa na kilo 84, mtu wa kitambi na mwendo wa taratibu. Miezi minne baadaye alipogundulika kuwa na saratani ya utumbo mpana, alikuwa na kilo 71. Walipofika kwenye kliniki moja, muuguzi akampima, akapiga hesabu, akasema uzito wa mzee ni mzuri kabisa kwa urefu wake. Majirani nao hawakuwa nyuma. Mzee umeondoa kitambi, walimwambia, umerudi ujana. Mwandishi wa barua anamalizia kwa kuuliza: "Kama uzito ni mzuri, mbona baba hawezi tena kuinuka kitini bila kushika meza?"

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Hebu kwanza tuitazame hesabu aliyoipiga muuguzi, maana hakukosea kuijumlisha. Unachukua kilo za mtu, unazigawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Aliyeanzisha hesabu hiyo ni Mbelgiji mmoja, Adolphe Quetelet, mwanahisabati na mtazamaji wa nyota, katika miaka ya 1830. Yeye alikuwa akitafuta wastani wa binadamu, mtu wa kati na kati asiye mrefu wala mfupi. Wagonjwa hawakuwa shughuli yake. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake wakaipa hesabu hiyo jina ambalo leo linatumika kila kliniki duniani. Chini ya 18.5 unaambiwa umekonda mno. Kuanzia hapo hadi 24.9 unaambiwa uko salama. Mzee wetu kwa kilo 71 anapata 24.6. Amepita.

Lakini hakuna aliyemwuliza: mzee, miezi minne iliyopita ulikuwa na kilo ngapi? Kilo 13 zimetoka katika 84. Hiyo ni zaidi ya asilimia 15. Mwaka 2011 jopo la mabingwa wa kimataifa lilikubaliana kwamba mgonjwa wa saratani akipoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi sita, pasipo kujinyima chakula kwa makusudi, basi mwili wake umeanza kuliwa na maradhi. Mzee huyu amevuka mpaka huo mara tatu, huku akipongezwa njiani.

Wala jambo lenyewe si la jana. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa zaidi ya 3,000 wa saratani mbalimbali, waliopimwa kabla ya kuanzishiwa dawa kali. Katika saratani nyingi walizozichunguza, wale waliofika wakiwa wamepungua uzito waliishi muda mfupi kuliko wenzao wenye ugonjwa ule ule ambao uzito wao ulikuwa umesimama. Hata waliopungua kidogo tu hawakusalimika na tofauti hiyo. Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama kuna mgonjwa nyumbani, kitu cha kwanza ni kukumbuka uzito wake wa zamani. Utafute kwenye kadi ya kliniki, kwenye cheti cha bima, hata kwa mwenye mizani ya shilingi mia pale stendi. Usipopatikana, mkanda wa suruali nao husema: angalia tundu la zamani na tundu la sasa.

Sasa basi, tuseme uzito wa zamani tunao na wa sasa tunao. Je, tumemaliza? La hasha. Mnunuzi wa mahindi aliyekomaa haridhiki na mizani. Hutia bambo kwenye gunia, akatazama kilichomo: mahindi, pumba, au mchanga. Mwili nao unataka bambo lake. Kilo za binadamu ni kilo za mifupa, maji, mafuta, misuli, ini, moyo na figo. Na kwa mgonjwa huyu ni pamoja na kilo za uvimbe wenyewe. Mizani hujumlisha vyote, ikakupa namba moja.

Katika vyote hivyo, kinachotuhusu zaidi ni misuli. Wengi tukisikia misuli tunafikiria wabeba magunia bandarini. Lakini misuli ndiyo ghala la protini la mwili. Kidonda cha upasuaji kikitaka kufunga, protini inachukuliwa humo. Askari wa mwili wanaopambana na vijidudu, nao hula humo. Kupumua ni kazi ya misuli. Kukohoa ili kutoa makohozi ni kazi ya misuli. Na mgonjwa asiyeweza kukohoa sawasawa yuko jirani na homa ya mapafu.

Mtu mzima wa afya akikosa chakula kwa siku nyingi, mwili wake hufanya busara fulani. Baada ya siku za mwanzo hugeukia mafuta, ukaibania misuli kadiri unavyoweza. Kwenye saratani busara hiyo huvurugika. Uvimbe, pamoja na kinga ya mwili inayopambana nao, hutoa kemikali zinazotawanyika katika damu, zikaamuru misuli ivunjwe na hamu ya kula izimwe. Katika miaka ya 1980 watafiti wa New York waliikamata mojawapo, wakaiita kakektini, kwa neno la Kigiriki la kudhoofika. Mwaka 1985 ikathibitika kwamba ndiyo ile ile iliyokuwa ikijulikana na watafiti wengine kwa jina jingine. Siku hizi inazungumzwa zaidi protini iitwayo GDF-15. Mwaka 2024 yalitolewa matokeo ya dawa ya kuizuia, iliyojaribiwa kwa wagonjwa 187. Waliopewa kipimo cha juu waliongezeka wastani wa kilo 2.8 kuliko wale wa dawa bandia, kwa wiki 12. Ni habari njema, ila mgonjwa wa leo wa Njombe asiambiwe aisubiri.

Ndiyo sababu nawaomba ndugu wa wagonjwa waache kusema, "Anadeka, hataki kula." Tumbo lake limepewa amri ya kutotaka. Na hata anapokula, sehemu ya chakula hicho haifiki kwenye misuli kama ingefika kwako au kwangu.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo mizani inapodanganya waziwazi. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mwanamke mwenye saratani ya mji wa mayai, au mtu yeyote mwenye saratani iliyofika kwenye ini, anaweza kujaa maji tumboni lita nyingi. Mikono imebaki mifupa, mitulinga imechomoza, mashavu yamebonyea, lakini akipanda kwenye mizani anaonekana ameongezeka kilo mbili tangu mwezi uliopita, na kwenye faili panaandikwa "uzito umeongezeka". Wa saratani ya mlango wa kizazi huvimba miguu. Aliyeanzishiwa vidonge vya jamii ya stiroidi uso humjaa ukawa mviringo, hamu ya kula ikarudi, na wageni wakafurahi kwamba amenawiri. Kumbe vidonge hivyo hivyo, vikitumiwa muda mrefu, hupunguza misuli ya mapaja. Wazee wetu waliouguza watoto wa kwashakoo wanaijua hila hii. Mtoto amevimba miguu na uso, jirani anasema amenenepa, na mama mwenyewe anajua kwamba mtoto anakwenda.

Na kwa watoto wenye saratani tatizo ni kubwa zaidi. Saratani ya figo ya watoto, na ile ya tezi iliyopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeieleza kutoka Uganda mwaka 1958, huweza kuota tumboni ikawa kubwa ajabu. Tuseme mtoto wa miaka mitatu ana kilo 13, na katika hizo kilo moja na nusu ni uvimbe. Ukimpima kwa mizani utasema hajambo. Ukiutoa uvimbe huo kwa hesabu, umebaki na mtoto wa kilo 11 na nusu.

Dawa ya udanganyifu huu ilipatikana karibu sana na hapa petu. Pale pale Mulago, Kampala, alipofanyia kazi Burkitt, alikuwepo pia profesa wa magonjwa ya watoto wa Makerere, Derrick Jelliffe. Mwaka 1966 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake cha kupima hali ya lishe ya jamii, na katika miaka hiyo yeye na mkewe Patrice walikuwa mstari wa mbele kusisitiza kwamba mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto ni kipimo cha kuaminika na hakihitaji mizani. Uvimbe hauoti mkononi, na maji ya tumboni hayafiki huko. Leo kila mhudumu wa afya kijijini anaujua utepe ule wa rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 12.5 ana utapiamlo. Chini ya 11.5 utapiamlo wake ni mkali.

Huko Malawi, katika hospitali kuu ya Blantyre, wataalamu waliwafuatilia watoto wenye saratani ya figo waliofika wakiwa na uvimbe mkubwa na miili iliyodhoofu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba miili ya watoto hao ilichelewa kuiondoa dawa ya vinkristini katika damu kuliko watoto wa Uingereza. Dawa hiyo ikikaa mwilini muda mrefu madhara yake nayo huongezeka. Kwa hiyo kuujua mkono wa mtoto ni sehemu ya kujua namna ya kumtibu, na daktari ana haja nao kama alivyo na haja na kipimo cha damu.

Watu wazima nao hupimwa mkono, na hapa nitakwenda polepole ili mwenye kalamu aandike. Mgonjwa akunje kiwiko. Tafuta ncha ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, weka alama katikati. Kisha anyooshe mkono uning'inie kwa uhuru, uzungushe futikamba ya fundi cherehani pale kwenye alama, iguse ngozi bila kuibana. Soma sentimita, andika na tarehe. Pima mkono ule ule kila mara, ikiwezekana na mtu yule yule, kila baada ya wiki mbili. Namba ya kukata shauri kwa watu wazima haijawa moja dunia nzima. Programu nyingi za lishe hutumia kati ya sentimita 22 na 24. Mimi naona kwa mgonjwa wa saratani mwendo wa namba una maana kuliko namba yenyewe. Mkono uliokuwa 29 ukawa 26 umeshasema neno, ingawa 26 si mdogo.

Wenye ujuzi zaidi huongeza kifaa kimoja, koleo dogo la kupimia unene wa mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono. Mkunjo huo ni ngozi na mafuta. Chukua mzunguko wa mkono, toa mkunjo uliozidishwa kwa 3.14, utabaki na mzunguko wa misuli na mfupa. Wachukue akina mama wawili, kila mmoja mkono wake ni sentimita 24. Wa kwanza mkunjo wake ni milimita 12, yaani sentimita 1.2: anabaki na sentimita 20 na kidogo. Wa pili mkunjo wake ni milimita 25: anabaki na 16 na kidogo. Futikamba imewaona sawa. Koleo limeonyesha kwamba wa pili ndani ya nguo zake nzuri ni mtu dhaifu.

Huyo mama wa pili ndiye anayenisumbua, maana sisi tumelelewa kuamini kwamba unene ni afya. Na tuna sababu. Wengi wetu tuliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 na 1990 tulijifunza kumwogopa aliyekonda. Uganda walikuwa na jina lao la ugonjwa wa kukonda, na sisi tukawa na majina yetu, yote ya kunong'ona. Hadi leo mgonjwa wa saratani akianza kupungua huogopa midomo ya mtaa, akavaa mashati mawili. Na anayebaki mnene hakuna anayemfikiria. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada, Carla Prado na wenzake, walichukua wagonjwa 250 wanene wenye saratani ya mapafu au ya njia ya chakula, wakapima misuli yao. Watu 38 kati yao walikuwa na misuli michache kupita kiasi, imefichwa chini ya mafuta. Hao 38 walidhoofika mapema, na waliishi muda mfupi kuliko wanene wenzao. Kwa macho usingewatofautisha.

Waliwajuaje? Walisoma picha za CT. Mgonjwa akishapigwa picha hiyo kutafuta saratani imefika wapi, mionzi huukata mwili vipande vipande kama mkate wa boflo. Kipande kinachopita kwenye pingili ya tatu ya kiuno kina kawaida ya ajabu: eneo la misuli katika kipande hicho kimoja linalingana vizuri na misuli ya mwili mzima. Programu ya kompyuta hutenganisha misuli na mafuta kwa weusi na weupe wake, ikahesabu sentimita za mraba, zikagawanywa kwa urefu wa mgonjwa uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa Wakanada wale mpaka ulikuwa 52.4 kwa wanaume na 38.5 kwa wanawake.

Hapa naomba nisimame kidogo. Picha hizo zipo. Wagonjwa wetu wanaotoka Mbeya, Mwanza au Moshi kuja Ocean Road, nimewaona kwenye mabasi wamekumbatia bahasha kubwa za picha kama hati ya shamba. Wamezilipia, wengine kwa kuuza ng'ombe. Ndani ya bahasha hiyo mna kipimo cha misuli ambacho mara nyingi hakisomwi. Aliyepiga picha alitafuta uvimbe, akauandika, akafunga. Simlaumu, foleni ni ndefu na wataalamu ni wachache. Lakini kusoma kipande kimoja ambacho tayari kimelipiwa hakumtaki mgonjwa atoe shilingi nyingine wala apigwe mionzi mingine, na nafikiri vyuo vyetu vya udaktari vina vijana wanaoweza kujifunza kazi hiyo. Wakishajifunza, watutafutie na mipaka yetu wenyewe, maana hiyo 52.4 ilitoka kwa Wakanada wanene, na mvuvi wa Mafia hakuwemo.

Iko pia mashine ndogo ya umeme. Mgonjwa hulala, akabandikwa vibandiko mkononi na mguuni, umeme hafifu sana asioweza kuuhisi ukapitishwa. Misuli ina maji mengi na chumvi, umeme hupita kwa urahisi, mafuta huukwamisha. Kutokana na ukwamishaji huo mashine hukadiria misuli ni kiasi gani. Ni nyepesi, hubebeka, haina mionzi. Kasoro yake ni kwamba inapima maji, na misuli inaikisia kutokana na maji hayo. Mgonjwa aliyevimba miguu huitia mashine wazimu. Mwenye kununua anunue akijua hivyo, tusije tukawa na mashine nzuri ya kutoa namba mbovu.

Kwa nini namba hizi zinamhusu daktari wa dawa? Kwa sababu dawa nyingi za saratani hupimwa kwa ukubwa wa ngozi ya mwili, unaokadiriwa kwa urefu na uzito. Mojawapo ya kanuni zinazotumika hadi leo ilitungwa na Du Bois wawili wa Marekani mwaka 1916, kwa kupima watu tisa. Watu tisa tu! Watu wawili wa urefu mmoja na kilo moja hupewa kipimo kimoja, hata kama mmoja kilo zake ni misuli na mwingine ni mafuta na maji. Yapo matokeo ya Kanada kwa wagonjwa wa utumbo mpana, yakionyesha kwamba waliopata dawa nyingi kwa kila kilo ya mwili usio mafuta ndio waliopatwa zaidi na madhara mabaya. Midomo inachubuka, kuhara, chembe nyeupe za damu kushuka, dozi inayofuata inaahirishwa. Mgonjwa anaambiwa mwili wake umeikataa dawa. Pengine mwili haukuwa na mahali pa kuiweka.

Sasa nirudi kwa mzee wa Njombe na meza yake. Kuinuka kitini ni kipimo halali. Mwaka 2019 vyama vya lishe vya mabara mbalimbali vilitoa utaratibu wa pamoja wa kutambua utapiamlo wa wagonjwa: angalau dalili moja ya mwili, yaani kupungua uzito, wembamba, au upungufu wa misuli, na angalau sababu moja, ama kula kidogo ama ugonjwa wenye kuwasha mwili kama saratani. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 ulisema wazi kwamba pasipo na mashine, mzunguko wa shavu la mguu na macho ya mhudumu aliyefunzwa vinatosha kuanzia. Shavu la mguu chini ya sentimita 31 ni hatari kwa mtu mzima, hesabu ya Wazungu, mradi miguu haijavimba. Mhudumu atazame kwenye panja kama pamebonyea, juu ya mtulinga, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha ampe mgonjwa kile kifaa cha kukamua kwa kiganja, kinachopima nguvu. Huko Ulaya wanahofu mwanamume akikamua chini ya kilo 27 na mwanamke chini ya 16. Na kama hakuna kifaa, mwambie ainuke kitini.

Utapiamlo ukishajulikana, kazi ndiyo inaanza, na hapa nakutana na adui ambaye hakai hospitali. Siku hizi kila simu ina daktari. Mgonjwa anaambiwa asile sukari, asile nyama, aache maziwa, mayai yanalisha uvimbe, anywe juisi ya majani siku arobaini ili saratani ife njaa. Saratani haifi njaa kwa namna hiyo. Ikikosa chakula mezani, itakula kwenye mapaja ya mgonjwa. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanashauri mgonjwa wa saratani apate kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji protini gramu 60 hadi 90. Yai moja lina gramu kama 6, bilauri ya maziwa kama 8. Uji mweupe wa mahindi na chai ya rangi, chakula tunachompa mgonjwa kwa huruma, havikaribii huko. Dagaa waliosagwa wakachanganywa kwenye uji, karanga, maharage yaliyopondwa, kijiko cha mafuta juu yake, kidogo kidogo mara sita kwa siku, ndiyo njia. Na kama anaweza, atembee hadi uani na kurudi. Kitanda peke yake hula misuli.

Kuna ambao hata hayo hayapiti. Saratani ya koo la chakula imeenea katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Wagonjwa wake hufika hospitali wakimeza mate kwa shida. Kule Tenwek, Bomet, nchini Kenya, wamefanya kazi kubwa ya kuwawekea bomba la kupanua koo ili uji upite. Kwa mgonjwa kama huyo ushauri wa mayai na dagaa ni kejeli mpaka njia ifunguliwe.

Mwandishi wetu wa barua nimemjibu kwa posta. Nimemwambia aende na baba yake kwenye kliniki ile ile, awaonyeshe zile kilo 84, amwombe daktari aandike kwenye faili "amepungua asilimia 15", na kabla ya dozi ya kwanza aulizie mtaalamu wa lishe kwa jina la kazi yake. Futikamba anayo, mkewe ni fundi cherehani.

Barua tatu zimeuliza juu ya mpira wa kulishia unaopitishwa puani: unasafishwaje nyumbani, na chakula gani kinapita bila kuziba. Hizo nitazijibu wiki ijayo, saa hii hii.